Jane Addams, Mlezi wa Vijana wa Wahamiaji Mjini Chicago

Wiki hii tunawaletea maisha ya Bi. Jane Addams, aliyefariki mwaka 1935 baada ya kuishi zaidi ya miaka 45 katika mtaa wa wahamiaji mjini Chicago. Huenda watoto wenu wamekwisha kusoma habari zake shuleni, maana alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sisi tumemchagua kwa sababu nyingine. Alitumia maisha yake kuwalea vijana ambao wazazi wao walitoka mbali, wakaingia mji mkubwa wasioujua lugha yake, wakafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, kisha wakaona watoto wao wanaanza kuwa wageni ndani ya nyumba yao wenyewe. Jambo hilo sisi hatuhitaji kuelezwa.

Utoto wake

Alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Baba yake, John Addams, alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, tena alikuwa seneta wa jimbo na mtu aliyefahamiana na Abraham Lincoln. Mama yake alifariki Jane akiwa na miaka 2 tu. Yeye mwenyewe aliugua uti wa mgongo, ukapinda kidogo, na kichwa chake kikawa kinaelemea upande mmoja.

Alimpenda baba yake kupita kiasi, na kwa sababu hiyo alijionea aibu. Siku za Jumapili, wageni walipofika kanisani, hakutaka kutembea karibu na baba yake, wasije wakajua kwamba yule mwanamume mwenye heshima ana binti mwenye sura kama yake. Alijibanza kwa mjomba wake wakati wa kutoka. Siku moja wakakutana mjini, barabarani, mbele ya watu wengi. Baba akavua kofia yake ndefu ya hariri, akamwinamia binti yake kwa heshima kama anavyosalimiwa mtu mkubwa. Mtoto akaelewa kwamba baba hana aibu naye hata kidogo. Kumbukumbu hiyo aliitunza mpaka uzeeni na akaiandika kitabuni. Tutaona baadaye kwamba aibu kati ya mzazi na mtoto ndiyo ikawa sehemu kubwa ya kazi yake.

Alimaliza masomo ya seminari ya wasichana ya Rockford mwaka 1881. Mwaka huohuo baba yake alifariki ghafula. Akaenda Philadelphia kusomea udaktari, lakini ugonjwa wa mgongo ukamrudisha nyumbani. Kwa miaka karibu minane alikuwa na elimu na fedha za urithi, lakini hakuwa na kazi ya kufanya. Alisafiri Ulaya mara mbili. Mwaka 1883, upande wa mashariki wa jiji la London, aliona usiku wa Jumamosi maskini wakigombania mboga zilizokwisha kuoza, zilizokuwa zikinadiwa kwa bei ya chini kabisa. Mikono ile iliyonyoshwa juu haikumtoka akilini. Katika safari ya pili, mwaka 1888, alitembelea Toynbee Hall, nyumba ya London ambamo vijana waliosoma vyuo vikuu waliishi katikati ya maskini kama majirani zao. Hapo akajua la kufanya.

Nyumba katika mtaa wa Halsted

Tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba kuukuu ya matofali katika mtaa wa Halsted, Chicago. Nyumba hiyo ilikuwa imejengwa mwaka 1856 na tajiri mmoja aliyeitwa Charles Hull, ndiyo maana ikaitwa Hull House. Zamani ilikuwa pembezoni mwa mji. Walipohamia wao, upande mmoja palikuwa na duka la mazishi na upande wa pili palikuwa na baa. Waliouzunguka walikuwa Waitaliano, Wajerumani, Wayahudi wa Poland na Urusi, Wabohemia, Waairishi na Wagiriki. Miaka ya baadaye wakaja Wameksiko. Familia nyingi zilibanana katika nyumba za mbao zisizo na maji ndani, na taka zilijaa katika makasha makubwa yaliyofungwa chini kando ya njia, ambapo watoto wadogo walicheza juu yake.

Hawa dada wawili walianza kwa kuwapa majirani kile walichokijua wao: picha za Ulaya, masomo ya fasihi, usiku wa kusoma riwaya kwa sauti. Watu walikuja, na wengine walifurahi sana. Lakini baada ya siku chache majirani wakaanza kubisha hodi kwa mambo mengine. Mmoja aliomba mtoto wake ashikwe wakati yeye yuko kazini. Wengine waliomba msaada wa kuuguza mgonjwa, kuosha maiti, kumzalisha msichana ambaye jirani zake walikataa kumsogelea. Wakafanya yote hayo. Bi. Jane alikuja kufundisha, na mtaa ukamfundisha yeye kwanza.

Shule ya chekechea ilianzishwa mapema kabisa, kwa sababu akina mama waliokwenda viwandani walikuwa wakiwafungia watoto ndani siku nzima. Zikafuata klabu za wavulana na wasichana zilizokutana baada ya shule na baada ya kazi, madarasa ya Kiingereza, ushonaji, useremala, ukumbi wa mazoezi, shule ya muziki, michezo ya kuigiza na nyumba ya kulala kwa wasichana wafanyakazi waliojiongoza wenyewe. Ilipofika mwaka 1907, nyumba ile moja ilikuwa imekuwa majengo 13. Bi. Jane hakuwahi kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Alitumia urithi wake, kisha akazunguka kuwaomba wenye mali.

Watoto waliokataa peremende

Krismasi ya kwanza, Hull House iliandaa sherehe ya watoto. Wasichana wadogo kadhaa walipopewa peremende walikataa. Walipoulizwa, walisema wanafanya kazi katika kiwanda cha peremende, na hawawezi hata kuziangalia. Kwa wiki sita kabla ya Krismasi walikuwa wamefanya kazi tangu saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku.

Majira ya baridi yaleyale, wavulana watatu wa klabu mojawapo waliumizwa na mashine moja katika kiwanda cha jirani. Mmoja wao alikufa. Mashine ile ilikosa kinga ambayo gharama yake ilikuwa dola chache tu. Bi. Jane na wenzake walidhani mwenye kiwanda atashtuka na kuifunga kinga hiyo mara moja. Hakufanya lolote. Wazazi walikuwa wametia sahihi karatasi ya kukubali kwamba hawatadai chochote mtoto akiumia kwa uzembe wake mwenyewe.

Kuanzia hapo alielewa kwamba mlezi wa vijana hawezi kukaa na vijana jioni, akawachezesha na kuwaimbisha, huku akifumba macho kuhusu mchana wao. Mwenzake Florence Kelley, aliyekuwa akiishi Hull House, alifanya uchunguzi wa karakana za ushonaji na viwanda, na mwaka 1893 bunge la Illinois likapitisha sheria iliyokataza watoto walio chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani. Kelley akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo.

Haikuwa rahisi. Kabla sheria haijapita, Bi. Jane alialikwa chakula cha mchana na mtu aliyewasemea wenye viwanda, akaambiwa kwamba Hull House ikiachana na habari za sheria, itapewa dola 50,000. Aliondoka akiwa na huzuni kwamba kuna mtu aliyefikiri anaweza kumwambia hivyo. Lakini upinzani uliomwumiza zaidi ulitoka kwa majirani zake mwenyewe. Wazazi wengi walikasirika. Walikuwa wametoka vijijini, ambako mtoto kufanya kazi na wazazi wake ni malezi mema, nao walihitaji ule mshahara mdogo kulipa kodi ya nyumba. Bi. Jane hakuwaita wabaya. Alikaa nao, akaeleza, akasikiliza, na kazi ya kuwashawishi ikachukua miaka mingi baada ya sheria kupita.

Mwaka 1895 aliomba yeye mwenyewe kazi ya kusimamia uzoaji wa taka katika kata ya 19, akapewa cheo cha mkaguzi. Aliamka saa 12 asubuhi, akafuata mikokoteni ya taka iliyovutwa na farasi, akihakikisha inafika inakopaswa kufika. Watu walishangaa kuona mwanamke msomi akitembea nyuma ya taka. Yeye alikuwa amehesabu watoto waliokuwa wakifa mtaani.

Kijana anatafuta nini barabarani

Mwaka 1909 alitoa kitabu kuhusu vijana na mitaa ya mji, The Spirit of Youth and the City Streets. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kueleza. Mji wa viwanda ulikuwa umewakusanya vijana kwa maelfu ili uwatumie kazini, lakini haukufikiri kabisa watacheza wapi. Ukawaachia wafanyabiashara kazi ya kuwafurahisha. Wenye baa, kumbi za dansi na majumba ya maonyesho ya senti tano ndio waliobaki kuwapokea jioni, na kila mmoja alitafuta faida.

Katika kitabu hicho alipitia makosa yaliyowafikisha wavulana mahakamani: kudandia garimoshi likienda, kuwasha moto kando ya reli, kuokota makaa ya mawe, kurusha mawe. Aliona kwamba mengi yalikuwa hamu ya kawaida ya kijana kutaka kuthubutu, ila imekosa mahali pazuri pa kwenda. Kijana yuleyule angekuwa kijijini kwa babu yake angepanda mlima au kuogelea mtoni, na hakuna polisi ambaye angemkamata.

Kwa hiyo alidai viwanja. Katika miaka ya 1890 tajiri kijana mwenye nyumba mbovu karibu na Hull House alikosolewa hadharani kuhusu hali ya nyumba zake. Badala ya kugombana, aliitoa ardhi ile. Nyumba zikavunjwa na pakawa uwanja wa watoto kuchezea, wa kwanza wa aina hiyo mjini Chicago. Hull House ikawa pia na bendi ya wavulana. Miongoni mwa waliopiga humo alikuwa Benny Goodman, mtoto wa wahamiaji Wayahudi maskini, ambaye baadaye klarineti yake ilijulikana duniani kote.

Na kwa wale waliokwisha kukamatwa, yeye na wenzake, hasa Julia Lathrop, walipigania mahakama yao maalumu. Kabla ya hapo mtoto aliyeshtakiwa aliweza kufungiwa chumba kimoja na wahalifu wazima. Julai 1899 mahakama ya watoto ya wilaya ya Cook ilifunguliwa mjini Chicago, ya kwanza Marekani. Mtoto aliweza sasa kuachiwa nyumbani kwa wazazi wake chini ya uangalizi, na mmoja wa waangalizi wa kwanza kabisa alikuwa Alzina Stevens, mkazi wa Hull House. Mahakama za watoto tunazoziona leo katika majimbo yote zimefuata mfano huo.

Mama aliyejua kusokota uzi

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila mzazi na kila kijana wa kanisa letu alisome polepole.

Bi. Jane aliona kwamba watoto wa wahamiaji walijifunza Kiingereza upesi, wakawa ndio wakalimani wa nyumba. Mtoto alizungumza na mwenye nyumba, na daktari, na mwalimu. Mzazi akawa anamtegemea mtoto, na mtoto akaanza kumdharau mzazi. Alimwona mama yake hajui kitu, kwa sababu vile mama alivyovijua havikuwa na soko Chicago. Shule nazo, zikiwa na haraka ya kumfanya mtoto kuwa Mmarekani, ziliongeza ufa.

Siku moja akipita katika mtaa wa Polk alimwona bibi mzee wa Kiitaliano amekaa mlangoni, juani, akisokota uzi kwa kijiti, kama ulivyosokotwa tangu enzi za kale. Wazo likamjia. Mwaka 1900 Hull House ilifungua jumba la makumbusho ya kazi. Haikuwa vitu vya kale vilivyofungiwa katika makabati ya vioo. Walikuwa wazazi wenyewe. Jumamosi jioni, akina mama wa Kiitaliano, Kisiria, Kigiriki, Kirusi na Kiairishi walikaa wakasokota na kufuma kila mmoja kwa njia ya kwao, na wageni wakaja kutazama na kujifunza.

Kulikuwa na msichana mmoja wa Kiitaliano aliyekuja kwenye darasa la mapishi jioni hizohizo. Mama yake alikuwa mmoja wa wasokotaji. Wote wawili walitoka nyumbani, lakini msichana aliingia kwa mlango mwingine, maana hakutaka watu wajue kwamba yule mama mwenye kitambaa kichwani na viatu vizito ni mama yake. Jioni moja alikuta wageni wenye elimu wamemzunguka mama yake wakistaajabia mikono yake. Akamwuliza Bi. Jane kama ni kweli mama ni hodari kiasi hicho. Bi. Jane akamweleza kijiji alikotoka mama yake, jinsi wanawake walivyosokota pamoja kando ya kilima, na jinsi ilivyo vigumu kuacha vyote vile na kuja kuishi katika chumba kimoja cha mji wa moshi. Kuanzia hapo msichana akaruhusu mama yake avae nguo nzuri za kwao alizokuwa amezificha sandukuni. Na akaingia naye kwa mlango mmoja.

Mtu aliyekumbuka kofia ya baba yake ikivuliwa barabarani alijua thamani ya jambo hilo.

Miaka ya mwisho

Sifa zake hazikudumu bila kukatika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alivipinga. Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa wanawake mjini The Hague kutafuta amani. Marekani ilipoingia vitani, magazeti yaliyokuwa yakimsifu yalimgeuka na kumwita msaliti. Alikaa miaka mingi akitazamwa kwa mashaka, naye akaendelea kukaa mtaani kwake na kufanya kazi yake. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nicholas Murray Butler, mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri kwenda kuipokea.

Alifariki Chicago tarehe 21 Mei 1935. Majirani walipita kwa maelfu kumwaga Hull House. Alizikwa Cedarville, kijijini kwao. Majengo mengi ya Hull House yalibomolewa miaka ya 1960 kupisha chuo kikuu, lakini ile nyumba ya kwanza bado ipo, na leo ni makumbusho. Wale mlio karibu na Chicago mnaweza kuwapeleka watoto.

Sisi tunajifunza nini

Sisi pia tuna watoto wanaotutafsiria hospitalini na kwenye ofisi za serikali. Tunawashukuru, na ni msaada mkubwa. Lakini tujihadhari wasije wakadhani kwamba anayejua Kiingereza ndiye anayejua maisha. Miongoni mwetu kuna waliokuwa walimu, mafundi seremala, wauguzi, wakulima, washonaji, wasusi wa mikeka. Wengi wao sasa wanafanya usafi usiku, na watoto wao hawajawahi kuwaona wakifanya kile wanachokijua vizuri. Ukumbi wa kanisa una meza na viti. Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha kuanza.

Na vijana wetu wanapokaa nje jioni, kabla hatujawakemea, tujiulize kama tumewapa pa kwenda. Bi. Jane hakuwa na watoto wake mwenyewe, lakini aliamini kwamba mtaa wenye vijana lazima uwe na mlango ulio wazi saa za jioni, na mtu mzima anayewajua kwa majina yao. Wazazi wa Halsted walikuwa wamechoka kama sisi, na wengi hawakuwa na cha kutoa. Kwanza walitoa ujuzi wao, na watoto wao wakauona.

Nanyi vijana mnaosoma haya kwa Kiswahili, au mnaosomewa na wazazi wenu: mwulizeni mama au baba alikuwa anafanya nini kabla ya kuja huku. Mwambieni awaonyeshe.

Tunawatakia Jumapili njema. Mungu azibariki nyumba zenu.